Kura Zenye Majina

Wanawe waliponiomba niandike wasifu wa Papa Zakaria wa kusomwa kanisani, sababu waliyonipa ilikuwa moja tu. "Aunty, you're the one with the proper Swahili," alisema binti yake mkubwa, na mama yake, mjane wa siku mbili, akaitikia kwa kichwa. Tulikuwa sebuleni kwao Quakers Hill, viatu vya wageni vimejaa barazani mpaka kwenye nyasi, na kina mama wako jikoni wanapika sombe, kisamvu cha kwao, kwenye masufuria ya kuazima. Nikaenda zangu nikaandika. Alizaliwa Uvira, alikimbia vita, aliingia Sydney na mke na watoto, alikuwa mzee wa kanisa na mwimbaji wa sauti nzito, baba wa wote. Yote kweli tupu. Ila nilipousoma ukurasa wangu nikaona nimemwandika malaika, na mimi sikumjua Papa Zakaria akiwa malaika. Nilimjua akiwa bwana mkubwa, mwenye simu iliyoamua nani aende kazini na nani ashinde nyumbani. Marehemu hasemwi ila kwa wema, ndivyo tulivyofunzwa Tanga, wala sitaki kuivunja adabu hiyo uzeeni. Lakini mimi ni mtu wa shukrani, na shukrani yangu ina macho. Wema wa Papa ninaoujua mimi hausimuliki bila kuusimulia mwaka ule niliokaa Toongabbie, na mwaka ule haukuenea kwenye wasifu wa kanisani. Basi nauandika hapa.

Nilivyofika Australia si habari ya leo. Itoshe kwamba nilikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo, nimesimama kwenye jukwaa la stesheni ya Granville na begi langu, naongea na simu kwa Kiswahili huku nikijizuia nisilie, kwa sababu nyumba niliyokuwa nimefikia nilikuwa nimeambiwa nitafute pengine. Mwanamume mfupi mwenye koti la suti na viatu vya kiwandani akanisimamia mbele. "Weye! Kiswahili hiyo umeitoa wapi? Iko ya redio kabisa!" Nikamwambia nimetoka Tanga. Akacheka kama mtu aliyeokota shilingi. Jioni ileile nilikuwa na kitanda, blanketi, na sahani ya wali wa moto. Wiki iliyofuata nilikuwa na kazi. Sikuulizwa mimi ni kabila gani wala dini gani, isipokuwa kwa sababu ya chakula. Aliposikia mimi ni Mwislamu alikwenda mwenyewe kwa muuza nyama wa Kilebanoni, akaniletea kuku aliyechinjwa kwa bismillahi, akamwandikia mkewe kwenye mfuko kwa kalamu nene: YA ZUHURA. Siku ya Idi alinipeleka msikitini kwa gari lake la abiria, akanisubiri nje akisoma Biblia yake. Nilipotoka aliniuliza kama nimemwombea na yeye. Nilikuwa nimemwombea.

Nyumba ya Toongabbie aliipanga yeye kwa ajili ya wageni wapya, naye akiishi na familia yake mtaa wa pili. Ilikuwa nyumba ya kuta nyembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma alisema pole. Treni ikipita, vikombe vilitetemeka kabatini. Jikoni palikuwa na meza ya plastiki ya bustanini, viti visivyofanana, na friza kubwa iliyojaa majani ya muhogo, samaki wadogo wakavu na kuku wa kiwandani waliovunjika mabawa, ambao wafanyakazi waliruhusiwa kununua kwa bei ya chini. Chumba changu nililala na Mama Neema, mjane wa Uvira, mwanamke mpole wa maneno machache ambaye akicheka hacheki kwa mdomo bali kwa mabega. Bintiye Neema, mtoto wa shule ya msingi, alilala katikati yetu kwenye godoro. Mama yake akimsemesha Kiswahili, yeye alielewa kila neno na kujibu kwa Kiingereza. Mama Neema alisonga ugali wa muhogo kwa mkono mmoja, mwingine kiunoni, na alidai kwamba wali wangu wa nazi ni chakula cha wagonjwa. Kisha alikula sahani mbili.

Sote tulifanya kazi kiwanda kimoja cha kuku. Hatukuajiriwa na kiwanda, tuliajiriwa na wakala aliyepeleka watu huko, na wakala huyo katika sisi alimjua mtu mmoja tu: Papa Zakaria. Alimwita leading hand, msimamizi wa zamu. Kila jioni simu za watu wetu zililia kuanzia Granville mpaka Blacktown, na sauti ya Papa ikasema mojawapo ya maneno mawili: "Kesho uko," au, "Kesho pumzika." Hakuwahi kuchukua hata senti ya mtu, hilo naliapia. Alichotaka kilikuwa kingine. Alitaka Jumapili baada ya ibada upite kwake, ule, ukae, usikilize mashauri. Alitaka ukiwa na shida umwambie yeye kwanza. Na palipokuwa na jambo la kuamuliwa, alitaka usimame upande wake. Watu walisimama. Nani asingesimama? Ndiye aliyewapokea uwanja wa ndege, ndiye aliyewafundisha kupanda treni, ndiye aliyewazikia. Mimi mwenyewe nilikuwa naona huo ndio mpango wa dunia, mpaka Mama Neema alipoumia.

Ilikuwa asubuhi, sakafu imelowa kama kawaida, na yeye alikuwa kwenye mashine ya kufunga trei. Sisi wengine tulikuwa tumeipa mashine ile mgongo, tunapanga mapaja upande wa pili. Aliteleza, akanyoosha mkono ajishike, na mkanda ukambana vidole viwili vya mkono wa kulia. Hakupiga kelele. Aliyekuwa karibu yake, akaizima mashine na kumtoa, ni Papa. Alimfunga mkono kwa aproni safi, akampitisha mlango wa nyuma, akampeleka kwa daktari yeye mwenyewe. Njiani akamwambia maneno ambayo Mama Neema alinirudilia jioni ile akiwa amelala chali, macho darini: "Sema ni mulango ya gari." Daktari akaandika mlango wa gari. Vidole vikafungwa, vikapona vibaya, vikajikunja kama vimeshika kitu kisichoonekana. Hospitali ya serikali ikamweka kwenye foleni ya upasuaji isiyojulikana mwisho wake. Kazi ya trei haikuwezekana tena, na simu yake ikaacha kulia. Papa hakumtupa, la. Alimletea mchele na mafuta, akamlipia Neema safari ya shule, akamkalisha mezani kwake mbele ya wageni. Lakini mwanamke yule aliyekuwa akisonga ugali wa watu kumi alikuwa sasa anashindwa kufunga vifungo vya sare ya mwanawe. Ukimwangalia akijaribu, moyo ulikuwa unauma.

Mwaka huohuo nilikuwa nasoma masomo ya jioni Granville, kwenye jengo la matofali nyuma ya stesheni. Mwalimu wetu wa historia aliitwa Helen, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, aliyekula tofaa lake huku akifundisha mpaka likabaki kijiti. Muhula ule somo lilikuwa Amerika ya mwanzoni mwa karne ya ishirini, wakati wa mageuzi. Nilifikiri nitalala usingizi. Badala yake Helen akaanza na viwanda vya nyama vya Chicago: sakafu zenye maji, wahamiaji waliotoka nchi za mbali bila lugha, visu, baridi, na vidole. Nilikaa wima. Alieleza jinsi waandishi walivyoingia viwandani na kuyaandika waliyoyaona, jinsi wasomaji walivyochafukwa tumbo, na jinsi serikali ilivyotunga sheria ya kukagua nyama. "Angalieni," akasema, "watu walikasirikia nyama kuliko walivyowahurumia waliokuwa wanaikata." Tukaendelea: makampuni makubwa kupunguzwa nguvu, nauli za reli kudhibitiwa, watoto kutolewa migodini, wanawake kupata kura. Halafu tukafika kwa mabosi wa miji.

Bosi wa mji, kwa maelezo ya Helen, alikuwa mtu aliyempokea mhamiaji bandarini. Alimtafutia chumba, kazi, makaa ya mawe wakati wa baridi. Mtoto akibatizwa alikuwepo. Mtu akifa alikuja na maua. Na siku ya uchaguzi alikuja kuchukua kitu kimoja tu. Darasa lilicheka, fundi magari wa Kilebanoni aliyekaa mbele yangu akasema anamjua mjomba kama huyo. Mimi sikucheka. Niliinua mkono nikauliza, kama walikuwa wabaya hivyo, mbona watu waliwapenda? Helen alitafuna kwanza, akameza. "Kwa sababu bosi alikuja msibani," akasema. "Wengi waliotaka kumwondoa hawakuwahi kuja." Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, na jibu hilo sijalipatia mpinzani.

Ndipo akatueleza, kwa fahari ya mwenye mji, jinsi Wamarekani walivyokopa dawa ya mabosi kutoka huku. Zamani kule kila chama kilichapisha karatasi zake, za rangi zake, na mtu akipiga kura macho yote yaliona. Wakaja kuchukua mtindo wa hapa: karatasi moja kwa wote, inayotolewa na serikali, unaingia pembeni peke yako, unatia alama, unaikunja. Waliiita kura ya Kiaustralia. Helen hakuficha na upande wa pili wa dawa. Karatasi ile iliwafungia mlango wasiojua kusoma, wahamiaji wapya na Weusi wa kusini, na wapo waliolipenda jambo hilo kwa sababu hiyohiyo. Wiki iliyofuata akafundisha sheria za fidia. Zamani, alisema, mahakimu walimwambia mfanyakazi: ulijua mashine ina meno, ukaingia mwenyewe, kidole ni chako. Kisha jimbo baada ya jimbo likatunga sheria kwamba anayeumia kazini alipwe na atibiwe, bila kugombana na tajiri mahakamani. Nikamfuata baada ya darasa nikamuuliza kama sheria hizo zilifika huku. "Miaka hiyohiyo," akasema. "Na bado zipo. Nani ameumia?"

Nilirudi Toongabbie nikamkuta Mama Neema mezani anamenya viazi kwa mkono wa kushoto, maganda manene kama viazi vyenyewe. Nikamwaga yote, Chicago na mahakimu na jimbo baada ya jimbo. Alisikiliza bila kuinua uso.

"Donc ile sheria iko na hapa?"

"Ipo. Utafanyiwa upasuaji bila kungoja foleni, na utalipwa mpaka upone."

"Inataka nini?"

"Inataka useme ukweli. Na kwa kuwa daktari ameshaandika mlango wa gari, inataka na aliyeona aseme."

"Aliyeona ni mumoja," alisema Mama Neema, akaendelea kumenya.

"Just tell them, Mum," alisema Neema kutoka sebuleni, bila kuacha kuchora.

Papa aliingia tungali tumekaa hivyo, gunia la mchele begani. Hakubisha hodi, nyumba ilikuwa yake. Nikamwambia palepale, kwa sababu mimi ulimi wangu ukishawashwa haujui subira. Aliweka gunia chini polepole, akavuta kiti.

"Ma fille, ikala, nikuambie. Ule muzungu wa agency akisikia compo, ile fidia, moja tu, anaita batu bengine. Kesho yake simu yangu hailie tena. Na yangu isipolia, ya bote hailie. Unajua nyumba ngapi zinakula juu ya hii simu?"

"Na vidole vya Mama Neema, Papa?"

Alimtazama Mama Neema, na niliona uso wake ukibadilika. Hakuwa mtu mkavu. Alikuwa ameogopa, na mimi ujana wangu haukunifundisha kwamba mkubwa naye huogopa. "Mama anajua moyo yangu," akasema. "Na si mimi peke. Sisi bote tulisikilizana: mambo ya kazini hatupeleke inje. Kama unafikiri ninadanganya, baulize. Dimanche, kwa réunion. Baulize bote."

"Jumapili nitawauliza," nikasema. "Lakini si kwa kusimama."

Hapa inabidi nieleze. Katika mikutano yetu, jambo likigawanya watu, lilikatwa kwa miguu. Wanaokubali walikwenda upande wa madirisha, wanaokataa upande wa mlango, na Papa kama mwenyekiti alipita katikati akiwasalimu kwa kuwagusa mabega. Sikuwahi kumwona mtu upande wa mlango. Nikamwambia nataka watu waandike, kila mmoja pembeni peke yake, karatasi ikunjwe, asijulikane nani kasema nini. Papa alicheka mpaka akafuta macho. "Kura ya kujificha! Sawa, profesa. Leta Amerika yako, tuione." Usiku Mama Neema alinishika mkono gizani kwa ule mkono wake mzima, akaukamata kwa nguvu, akauachia.

Jumapili, baada ya ibada, ukumbi wa kanisa pale Granville ulinuka vitunguu na manukato ya wanawake. Watoto walikimbizana uani. Nilikuwa nimekata karatasi za ukubwa mmoja, nimechonga penseli, na kwa sanduku la kura nilichukua sufuria la kupikia wali, lenye mfuniko wake. Nyuma ya pazia la kwaya niliweka meza. Mama Neema aliketi mbele, mkono mbaya umefunikwa kwa kitenge. Nikaeleza: swali ni moja. Je, Mama Neema aseme alivyoumia, na aliyeona aseme, au anyamaze? Andika ASEME au andika ANYAMAZE. Usiandike jina. Nilitoa hotuba fupi kuhusu Amerika. Haikumgusa mtu.

Wa kwanza kuingia pazia alikuwa Mama Wivine, ajuza wa Blacktown, na mara akaniita. Hajui kuandika, nimwandikie. Nikamwambia sheria haitaki mimi nijue siri yake. "Basi weye utajua, na Mungu atajua, inatosha. Andika aseme. Na jina yangu." Nikamwambia jina haliandikwi. Akanitolea jicho, kisha akapaza sauti ambayo pazia halikuizuia. "Mi nilikimbia nyumba yangu juu ya karatasi haina jina! Mutu aliandika kwa barua: ule mubaba anaficha bunduki. Jina hapana. Bakakuya, bakamuchukua bwana yangu. Mutu anasema neno, anaweka jina yake. Neno bila jina ni ya mulozi." Mlozi, kwao na kwetu, ni mchawi. Nikaandika jina lake, na salamu aliyoniongezea kwa Papa. Na baada yake, wote walioingia nyuma ya lile pazia walikaa muda mrefu kuliko neno moja linavyohitaji, nami nilisimama pale karibu na sufuria nikijua kabisa wanafanya nini, na kazi yangu yote ya muhula imeharibika. Niliona nimemuuza Mama Neema. Sasa kila asiyemtaka Papa atajulikana kwa jina, na kesho simu zitachagua.

Nilitaka kuzisoma kura mimi. Papa akanyoosha mkono. Mwenyekiti ndiye husoma, hilo nalo lilikuwa desturi, na sikuwa na nguvu ya kupigana na desturi mbili siku moja. Akavaa miwani, akafunua sufuria, akachukua karatasi moja. "Aseme," akasoma. "Mimi Mama Wivine. Papa, ulinipokea airport na koti ya bibi yako, sitasahau." Akainua uso, akaushusha. "Aseme. Mimi Deo. Papa, kazi ni weye ulinipatia, merci. Lakini mugongo yangu pia iliumia, nilinyamaza." Nyingine. "Anyamaze. Mimi Shabani. Niko na batoto bengi, ninaogopa. Mama Neema unisamehe." Mama Neema akaitikia kwa kichwa kule alikoketi, kumsamehe kweli. Nyingine: aseme, na asante kwa jeneza la mama. Nyingine: aseme, na Papa usikasirike, wewe ni baba yetu, ndiyo maana tunakuambia. Alisoma zote kwa ile sauti yake nzito, na kadiri alivyosoma ndivyo ilivyozidi kushuka. Ilifika karatasi moja akaigeuza mbele na nyuma. "Aseme. Hii haina mwenyewe." Akanitazama juu ya miwani. "Hii ni ya profesa." Ukumbi ukaangua kicheko, na Mama Neema mabega yakamtikisika. Nilikwenda mbele, nikachukua penseli, nikaandika jina langu.

Nimeishi na siku ile zaidi ya nusu ya umri wangu, na kila nikiifikiria nazidi kuistahi. Helen nilipomsimulia aliliacha tofaa lake mezani, akasema mabosi wake wa vitabuni hawakuwahi kupata kura za namna hiyo. Bado naiamini kura ya siri, na kila uchaguzi wa hapa naikunja karatasi yangu kwa adabu zote. Lakini watu wale walikuwa na neno ambalo miguu isingeweza kulisema. Ukisimama upande wa mlango umemkataa Papa mzimamzima, blanketi lake, koti la mkewe na jeneza la mama yako. Walipopewa karatasi na kona ya kuandikia, walimshukuru na kumkatalia kwa pumzi moja, na wakasimama kwenye majina yao. Wengi wao walikuwa wakishuka treni kwa kumshika mkono mtoto awasomee kibao cha Kiingereza.

Papa alivua miwani. Hakutangaza matokeo, kila mtu alikuwa ameyasikia. Aliuliza kama chakula kiko tayari, tukala. Siku mbili zilizofuata simu zililia kama kawaida, sauti ikiwa fupi. Ya tatu alikuja Toongabbie asubuhi, amevaa suti ya kanisani na tai. "Mama Neema, vaa. Tunaenda." Nikavaa na mimi, sikualikwa. Nasema mapema yaliyotokea baadaye, ili mtu asidhani hofu yake ilikuwa ya bure: wakala hakutuachisha wote, lakini zamu zilipungua kwa miezi, na usimamizi alinyang'anywa. Alipewa kofia ya rangi ya wafanyakazi wa kawaida, akapangwa kwenye kutundika kuku, kazi ya vijana, na mtu mwingine akashika simu. Alijua yote hayo akiwa anafunga tai.

Ofisi ya fidia ilikuwa Parramatta, chumba kidogo chenye kapeti ya kijivu. Kijana wa bima alikuwa mpole, akampigia mkalimani kwa simu, na simu ikawekwa katikati ya meza. Mkalimani alikuwa mwanamke, sauti ya Nairobi. Mama Neema alieleza kwanza. Kisha kijana akamuuliza Papa kama aliona. Papa akasema aliona: maji, kuteleza, mkanda, vidole, na kwamba yeye ndiye aliyezima mashine. Ingetosha. Kijana alikuwa ameshashukuru, ameshaanza kukusanya karatasi zake.

"Ngojeni," Papa akasema. "Daktari iliandika mulango ya gari. Ni mimi nilimuambia aseme vile. Si yeye alidanganya. Ni mimi."

Halafu sauti ya Nairobi ikauliza taratibu, "Mzee, una uhakika nitafsiri hiyo? Inaweza kukuletea shida."

"Tafsiri, mama. Yote."

Akatafsiri. Kijana aliandika. Mama Neema alikuwa amemgeukia Papa, kitenge kimemwanguka mkononi, vidole vyake vile viwili viko wazi mezani ambapo wote tuliviona. Macho yalimjaa. Akasema kwa sauti ya chini, kama tulivyokuwa tukimwambia wote mwaka mzima, kila gunia, kila blanketi, kila kesho uko: "Asante, Papa."

Papa Zakaria akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Ya leo haina asante."

Vidole vilinyooka baada ya upasuaji, si kabisa, ila vya kutosha kufunga vifungo. Nami sikubishana na Papa pale ofisini, ingawa nilikuwa sikubaliani naye hata kidogo. Alinipa kitanda, kazi, na kuku wa bismillahi, na vyote hivyo namshukuru. Lakini Mungu akiniuliza nilimshukuru Zakaria kwa lipi hasa, nitasema ni lile alilotukataza tusimshukuru.